Mwanya wa Filimbi

Tarehe 9 Machi 2004, kampuni moja ya ujenzi ilimpa kitambulisho cha kazi nambari 0417, na kwenye picha iliyomo anacheka. Mpiga picha alimwambia afunge mdomo. Akaufunga, taa ikawaka, akaufungua. Katikati ya meno mawili ya juu ya mbele unaonekana mwanya, mweusi na mnyoofu, kama mlango ulioachwa wazi kidogo ili upepo upite.

Kazini hakuna anayemwita kwa jina lililoandikwa chini ya picha hiyo. Anaitwa Filimbi.

Ni mtoa ishara wa kreni, mwanamume wa miaka hamsini na mitatu, mwembamba, mwenye shingo iliyozoea kutazama juu. Opereta anayefanya naye kazi ni shemeji yake, mdogo wa kiume wa mkewe. Huyo hukaa ndani ya kibanda cha vioo kilicho juu kuliko jengo lenyewe. Akiwa huko anaona mapaa ya mji mzima, lakini mara nyingi haoni pale mzigo unapotua, kwa sababu ukuta umemkinga. Hapo Filimbi ndiye macho yake. Akisimama mahali anapoonekana, hutumia mkono. Asipoonekana, hutumia mwanya. Huubana ulimi nyuma ya meno ya mbele, husukuma pumzi, na mluzi hutoka mwembamba, mkali, usiotetemeka. Mmoja mrefu: simama. Miwili mifupi: pandisha. Mitatu mifupi: teremsha. Kwa miaka kumi na tisa wawili hao wamepandisha nondo, matofali, vioo, ndoo za zege na, siku moja, beseni la kuogea lililokuwa na paka ndani, kwa milio hiyo mitatu tu.

Kampuni ilijaribu njia nyingine. Ilinunua filimbi za plastiki, lakini mlinzi wa maegesho upande wa pili wa barabara alikuwa na ya aina ileile. Asubuhi moja alimpulizia mwenye gari mara mbili, fupi fupi, na juu shemeji akapandisha kichanja cha matofali ambacho watu walikuwa bado wanakifunga. Hakuna aliyeumia, ila koti la fundi mmoja lilipanda nacho hadi ghorofa ya tisa. Zikaja redio koli. Hizo nazo ziliingiliwa na madereva wa teksi, na haipendezi mzigo wa tani mbili ukiwa hewani kusikia sauti ikisema, "Geuka kulia hapo, nipo getini." Mluzi wa Filimbi hauna pacha mjini. Shemeji alimwambia fomeni maneno machache tu: "Mimi naufuata ule. Mingine naisikia."

Jumatatu jioni Filimbi alikuwa kwenye paa la ghorofa ya kumi na nne akifungua kamba ya kuongozea mzigo. Fundo lilikuwa limelowa likakaza. Mkono mmoja ulishika kamba, mwingine ulishika nguzo, kwa hiyo alifanya alichokifanya maisha yake yote: aliliuma. Katikati ya nyuzi kulikuwa na kipande cha waya wa kufungia nondo. Alisikia mlio mdogo ndani ya kichwa, kama kijiti kinachovunjwa na mtu aliye mbali. Nusu ya jino la mbele la kushoto ilimtoka mdomoni, ikapita ukingo wa paa, ikaenda chini ghorofa kumi na nne. Hakuna aliyeisikia ikifika.

Alijaribu mluzi papo hapo. Ikatoka pumzi.

Jambo hilo lisingekuwa zito sana lau si Jumatano. Jumatano, saa moja na nusu asubuhi, tangi la maji la chuma lilikuwa lipandishwe hadi paani na kuwekwa nyuma ya chumba cha mitambo ya lifti, mahali ambapo shemeji haoni hata akichungulia. Barabara ilikuwa na kibali cha kufungwa kwa muda wa saa tatu, siku hiyo tu. Fomeni alimtazama Filimbi mdomoni, kisha akatazama kibali.

"Keshokutwa kama huna mluzi, nitamwazima mtoa ishara wa jengo la jirani, yule mwenye redio koli mpya," alisema. "Na nikishamwazima, sidhani nitamrudisha."

"Basi uazime na opereta," shemeji akasema, akiwa ndiyo kwanza ameshuka ngazi. "Mimi bila mluzi ule sipandi."

Mkewe ndiye aliyesikia kwamba kuna daktari wa meno mwenye mashine inayochonga jino siku hiyohiyo, mgonjwa akiwa amekaa. Mkewe huwaambia watu kwamba alichokipenda ni mwanya, mwanamume akaja kama nyongeza. Aliupiga picha ule uvunjikaji, akaitazama picha muda mrefu, akasema, "Kesho alfajiri uoge uende."

Jumanne kreni ilikuwa ikikaguliwa, kwa hiyo shemeji alikuwa na siku nzima bila kazi, na aliitumia kumsindikiza. Chumba cha kusubiri kilikuwa juu ya duka la miwani. Kilikuwa na viti sita vya plastiki, kalenda ya mwezi uliopita, na tangi la samaki lisilo na samaki.

"Shemeji, kiti chako kinagonga sakafu," opereta akasema.

"Feni hiyo."

"Feni imezimwa."

"Basi ni wewe unatikisa kiti."

"Mtu anasimama chini ya tani mbili anakula karanga, leo anaogopa kisindano kama cha kushonea kifungo! Nitamwambia dada."

"Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Ungekuwa mdomo wako ungenyamaza."

"Wahenga hao hao walisema jino la pembe si dawa ya pengo. Twende nyumbani."

Filimbi hakucheka. Alikuwa akipitisha ncha ya ulimi pale ambapo jino lilikuwa, na ulimi ulikuwa ukirudi na habari ileile.

Daktari alikuwa mwanamke mwenye umri wa binti yake wa kwanza. Alivaa miwani yenye lenzi za kukuzia, zilizomfanya aonekane anatazama kutoka mbali. Alipiga eksirei, akagonga jino kwa kijiti cha chuma, akapuliza hewa baridi. Mshipa ulikuwa mzima. Aliwaeleza atakavyofanya: atalisaga lililobaki libaki kisiki, atalipiga picha kwa kamera ndogo, ataunda umbo jipya kwenye kompyuta, na mashine iliyoko kwenye kona italichonga kutoka kwenye kauri. Vitabu vyake huliita taji. Wagonjwa wake huliita kofia. Alisema yeye hujibu kwa majina yote mawili.

"Leo leo?" Filimbi aliuliza.

"Leo leo, baba. Mchana utakuwa nyumbani."

Shemeji alirudishwa kwenye viti vya plastiki. Kiti cha mgonjwa kililazwa nyuma polepole kwa mlio mdogo wa mota, na Filimbi, ambaye hupanda na kushuka siku nzima kwa miguu yake, alijikuta anateremshwa kama mzigo. Alifumba macho kabla ya sindano na alipoyafumbua ilikuwa imeshapita.

Kisha ganzi ikaja. Ilianza puani, ikateremka, na mdomo wa juu ukavimba katika fikra zake hadi ukawa mto wa kulalia. Kiyoyozi kilivuma sauti moja. Msaidizi wa daktari aliweka mrija mdomoni na maji yakawa yanaondoka kabla hajayajua. Kulikuwa na dirisha, na ndani ya dirisha, mitaa mitatu mbali, ilikuwa kreni yake.

Kreni iliyopumzishwa huachiwa shingo. Breki ya mzunguko hufunguliwa ili upepo ukija mkono mrefu uufuate badala ya kushindana nao. Filimbi alilijua hilo siku zote lakini hakuwahi kupata nafasi ya kulitazama. Sasa aliuona mkono ule wa manjano ukipita dirishani taratibu, ukatoka, dirisha likabaki na mbingu peke yake. Kisha baada ya muda ambao hakuupima ukarudi kutoka upande mwingine. Kulabu ilining'inia tupu. Hakuna aliyeiongoza. Ilipendeza, naye alishangaa kwamba ilipendeza.

Usiku uliotangulia hakuwa amelala. Kelele ya kusagwa kwa jino ikawa mbali. Kwenye skrini iliyokuwa juu ya miguu yake, meno yake yalisimama makubwa kama majengo meupe yasiyo na madirisha, mtaa mzima wa majengo, na katikati yake kichochoro. Akakiingia kile kichochoro. Kilikuwa na baridi na upepo ulipita humo ukiimba. Akapanda ngazi isiyochosha, akafika kwenye paa jeupe, na tangi la maji lilikuwa likishuka kutoka mbinguni bila uzito, bila kamba, likizunguka polepole kama ua lililoangushwa. Alitaka kulisimamisha. Hapakuwa na haraka ya kulisimamisha.

Sauti ilimjia kutoka juu sana. "Baba, nimemaliza umbo. Litazame. Niendelee?"

Akiwa kule kwenye paa jeupe, Filimbi aliinua dole gumba.

Hakufumbua macho. Kwa miaka ishirini na moja alikuwa hajawahi hata mara moja kutoa ishara kwa mzigo ambao hakuutazama.

Alipoamka, mashine kwenye kona ilikuwa kazini. Ilikuwa na ukubwa wa jokofu dogo, na nyuma ya kioo chake visindano viwili vya almasi vilikuwa vikikizunguka kipande cha kauri huku maji yakirushwa pande zote. Kauri ile ilikuwa ya zambarau. Daktari alimwambia asishtuke: inakuwa hivyo kabla ya kuchomwa, ikitoka kwenye tanuri inapata rangi ya jino. Filimbi aliitazama kwa dakika kumi na mbili. Mvua ndogo ndani ya kisanduku, na katikati ya mvua jino la zambarau likizaliwa, uso kwanza. Alifikiri kwamba atamsimulia mkewe na kwamba hatamaliza kusimulia.

Daktari alilivisha bila gundi, kwa majaribio, akampa kioo cha mkono.

Filimbi alitazama. Alikigeuza kioo, akatazama tena. Kando ya jino la kulia, lililopauka kwa chai ya miaka mingi, lilisimama jino la zambarau, pana, zuri, lililolisogelea jirani yake hadi yakagusana.

"Mwanya uko wapi?" aliuliza. Maneno yalitoka mazito, kama yamefungwa kwenye pamba.

"Nimeuziba, baba." Daktari alikuwa bado anatabasamu. "Kompyuta ilipendekeza nami nikaona imependeza. Wengi huja hapa kwa ajili ya hilo tu. Na nilikuuliza ukasema niendelee."

Filimbi aliweka kioo kifuani. "Nilisema," alisema. Kisha, kwa sababu alikuwa mtu wa haki hata dhidi ya nafsi yake: "Sikuangalia."

Aliomba shemeji aitwe. Opereta aliingia, akainama, akamkagua kwa makini ya mtu anayekagua mnyororo.

"Huyu ni nani?"

"Acha utani."

"Sitanii. Umekuwa msoma taarifa ya habari. Ukigonga mlango leo dada atauliza unamtafuta nani." Halafu akaona macho ya mwenzake, akabadilika. Akamgeukia daktari. "Daktari, mluzi wake unapita hapo. Hapo ulipoziba."

"Nilidhani mluzi hupigwa kwa midomo."

"Wa kwako na wangu, ndiyo. Wake hapana."

Akamweleza: tangi, chumba cha lifti, upande asiouona, kibali cha muda wa saa tatu, fomeni, mtu wa redio koli. Alieleza bila kupamba, kwa vipimo na saa. Daktari alivua miwani yake ya kukuzia, na bila hiyo akaonekana ghafla yuko karibu. Alitazama dirishani.

"Ile ndiyo kreni yenu?"

"Ile."

"Naiona kila siku nikinawa mikono. Nilijua inazunguka tu, sikujua kama kuna mtu."

"Leo inazunguka tu," shemeji akasema. "Siku nyingine kuna mimi. Na chini kuna huyu."

Daktari alifungua kabati. Kwa rangi ya meno ya Filimbi, iliyo kati ya pembe na chai ya maziwa, alikuwa na vipande viwili vya kauri asubuhi ile. Kimoja sasa kilikuwa jino zuri la mtu mwingine. Sanduku jipya lingefika wiki iliyofuata.

"Kimebaki kimoja," alisema. "Nikikosea hiki, utaondoka na jino la muda la plastiki, na sidhani kama hilo litapiga mluzi. Ulikuwa na upana gani? Picha niliyochukua kabla ya kusaga inanionyesha upande wa ufizi tu. Chini kulikuwa kumevunjika."

Filimbi aliingiza mkono mfukoni akatoa kitambulisho nambari 0417.

"Ukingo wa hiki," alisema. "Unapita. Haukazi wala haulegei."

"Umejuaje?"

"Huwa naupitisha. Nikisubiri lori."

Daktari alikitazama kitambulisho, kisha kingo zake zilizolainika, kisha mwenye kitambulisho. "Plastiki unapitisha kwenye meno. Na kamba?"

"Kamba nauma."

"Misumari?"

"Misumari nashikilia tu."

"Mungu wangu," msaidizi akasema kutoka nyuma ya mrija wake, na hilo ndilo neno lake la kwanza siku ile.

Picha ndogo ya mwaka 2004 ilipigwa kwa simu ikakuzwa kwenye skrini mpaka uso wote ukatoweka, yakabaki meno mawili na kiza katikati. Kiza hicho hakikuwa na upana mmoja. Juu kilikuwa chembamba, chini kikapanuka kidogo, kama mdomo wa faneli. Daktari alisogeza kiti chake. Umbo jipya lilikuwa likielea kwenye skrini, limeshikiliwa na mshale mmoja.

"Sasa niongoze," alisema. "Na usijilazimishe kusema, ulimi umelala."

Filimbi alikaa wima. Aliomba kiti kinyanyuliwe hadi miguu yake ikagusa sakafu. Kisha mkono wa kulia ukainuka.

Kiganja wazi kikaenda kushoto. "Sogeza," shemeji akatafsiri kutoka nyuma. Mshale ukasogea, ukuta mweupe ukajitenga na jirani yake, mwanga mwembamba ukaingia katikati. Kidole cha shahada kikachora kiduara kikielekea chini. "Teremsha, polepole." Daktari akateremsha ukingo. Alikwenda kasi mara moja, na kabla shemeji hajasema kitu ngumi ilikuwa imeshafungwa. Daktari akasimama. Hakuwa ameambiwa maana ya ngumi.

Baada ya hapo shemeji hakutafsiri tena. Alivuta kiti cha plastiki akakaa. Mbele yake, mzee aliyepewa ganzi alikuwa akishusha mzigo usio na uzito mahali padogo kuliko ncha ya kalamu, na binti aliyevaa koti jeupe alikuwa akimfuata bila kuuliza, macho kwenye skrini, sikio kama limeelekezwa kwenye ule mkono. Dirishani kreni ilipita, ikatoweka, ikarudi. Zilipita dakika ishirini na tano. Kisha vidole vitano vilikunjuka, mkono ukateremka gotini, na huo pia daktari aliuelewa.

"Niendelee?"

Filimbi aliinuka kwenye kiti, akasogea hadi pua ikakaribia skrini. Alitazama upande wa kushoto, upande wa kulia, chini. Akarudi akakaa.

"Endelea," alisema.

Mvua ndogo ikanyesha tena ndani ya kisanduku. Jino la pili la zambarau lilipovishwa, daktari alikipangusa kitambulisho kwa dawa, akakisimamisha, akakipitisha. Kilipita kwa msuguano mdogo sana, kama barua inayoingia chini ya mlango. Kwa nukta chache kijana aliyecheka mwaka 2004 alisimama mbele ya pua ya mzee, meno kwa meno.

"Haukazi?" daktari akauliza.

Mkono: hapana.

"Haulegei?"

Hapana.

Likaenda kwenye tanuri kwa dakika ishirini. Likatoka si la zambarau tena, na daktari alipolilinganisha na lile la kulia ilibidi aegemee karibu kujua lipi ni lipi. Akalibandika kwa gundi, akaimulikia taa ya bluu, akapitisha uzi kando ya ufizi, akamwambia Filimbi aume karatasi ya rangi, afungue, aume tena. Lile la kwanza, pana na zuri, lilibaki kwenye trei, bado zambarau.

"Sikiliza, baba," alisema akivua glavu. "Hili ni gumu, lakini hukuzaliwa nalo. Usiume kamba. Hakuna chombo cha kufungulia fundo?"

"Kipo. Msumari mnene wa kuchokolea."

"Uko wapi?"

"Kwenye sanduku la vifaa," shemeji akajibu. "Haujawahi kutoka. Bado una karatasi ya dukani."

"Utoke. Na mluzi usijaribu mpaka ganzi iishe. Utajisumbua roho bure. Saa kumi hivi."

Ilikuwa saa saba na nusu. Walikwenda kukaa juu ya rundo la matofali nje ya uzio wa mabati wa jengo lao, kwa sababu hakuna kati yao aliyefikiria mahali pengine. Mkaguzi alikuwa ameshamaliza. Alikuwa ameweka kibandiko cha kijani kwenye mguu wa kreni akaondoka. Tangi lilikuwa limefika. Lilikuwa juu ya lori, chini ya turubai, kubwa kuliko walivyoambiwa.

Simu ya Filimbi ililia. Akampa shemeji.

"Dada. Ndiyo. Ndiyo, yupo. Hapana, bado ni yuleyule. Ndiyo, na mwanya. Nimekwambia upo! Njoo uupime mwenyewe." Akasikiliza. "Anasema usile kitu kigumu."

Hatujui mtu aliyekufa ganzi mdomo huwaza nini. Filimbi alisema baadaye kwamba aliwaza kuhusu mlango. Kwamba mlango unaweza kuwa na upana uleule, mahali palepale, na bado upepo ukakataa kuupita. Saa tisa alijaribu, licha ya katazo. Ikatoka pumzi na matone ya mate. Shemeji alitazama upande wa barabara kama aliyeona mtu anayemjua.

Saa tisa na nusu, pumzi.

Jua liliingia nyuma ya jengo na kivuli cha mkono wa kreni kikawa kinapita barabarani, juu ya magari, juu ya mlinzi wa maegesho, juu ya magoti yao, kikaenda. Shemeji alinunua machungwa mawili na kuanza kulimenya moja kwa kisu kidogo, ganda likitoka refu, bila kukatika, jambo analojivunia. Filimbi alihisi kitu kikitembea chini ya pua, kama sisimizi mmoja. Kisha wawili. Mdomo wa juu ulikuwa ukirudi nyumbani kidogo kidogo kutoka mbali. Aliugusa kwa kidole, ukamjua.

Aliubana ulimi nyuma ya meno. Jino jipya lilikuwa laini kupita jirani yake, na baridi kidogo. Akasukuma.

Ulitoka mmoja, mrefu.

Mikono ya shemeji ilisimama. Kisu kilisimama katikati ya mzunguko, ganda likabaki likining'inia juu ya kiatu, wala halikutikisika. Hakuwa ameamua. Uso wake ulikuwa bado umegeukia barabarani, na ulichelewa nukta moja kujua kilichoifanya mikono isimame.

"Umepanda kidogo," alisema hatimaye.

"Kiasi gani?"

"Unene wa karatasi. Nitauzoea."

"Utauzoea lini?"

"Piga mitatu."

Filimbi akapiga mitatu mifupi. Mkono wa shemeji ulioshika chungwa ukateremka polepole, ukalitua gotini bila kugonga.

Ng'ambo ya barabara mlinzi wa maegesho aligeuka, akaona hakuna gari linaloondoka, akarudi kivulini. Fomeni alitoka kwenye kibanda chake cha mabati, akasimama, akawatazama wazee wawili na chungwa lao. Akaingia tena ndani, na kupitia mlango alisikika akimwambia mtu kwenye simu kwamba asije, asante.

Kesho, Jumatano, saa moja na nusu asubuhi, barabara itafungwa na tangi litapandishwa. Filimbi atasimama paani, nyuma ya chumba cha mitambo ya lifti, na mfukoni atakuwa na msumari wa kuchokolea mafundo.